Jibu: Nitajuaje kama injini ya Corvette ya 1967 ni ile iliyotoka nayo kiwandani?

Ndugu, umeuliza kama namba za injini zinazolingana na za gari zinatosha kuthibitisha kwamba injini ya 327 (ujazo wake kwa inchi za ujazo) ndiyo gari lilizaliwa nayo. Hazitoshi, kwa sababu namba inaweza kugongwa upya na mtu yeyote mwenye nyundo na tamaa ya bei kubwa.

Anza mbele ya bloku, yaani mwili mkuu wa injini, upande wa kulia, pale kibao kidogo cha chuma kinapochomoza chini ya silinda hedi. Hapo kuna maandishi mawili: moja la kiwanda cha injini, mathalani V0215HT, yaani kiwanda cha Flint, tarehe 15 Februari, injini ya nguvu farasi 350, jingine ni tarakimu 7 ya mwaka ikifuatwa na tarakimu sita za mwisho za namba ya chasisi.

Kisha, na hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka, safisha kibao hicho kwa kitambaa na kiyeyusho tu, kamwe si kwa msasa, ukimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Uso wa asili huwa na mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiwa laini kabisa, au mikwaruzo ikiwa ya mviringo, bloku imeskimiwa, yaani uso wake umechongwa upya, ingawa kuskimu huenda kulikuwa ukarabati wa haki.

Mwisho, soma tarehe ya kusubu, yaani siku bloku ilipomiminwa chuma, nyuma ya bloku: A 25 7 ni Januari 25, 1967. Lazima itangulie tarehe ya kuunganishwa kwa injini, nayo itangulie ya gari.