Gari la familia kwa mzazi anayegongagonga: anza kwa kusoma mikwaruzo ya gari ulilonalo

Mkuu, swali lako nimelisoma lote na majibu ya wadau nimeyapitia. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ni baba wa watoto watatu, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo bado wa kubebwa. Ndani ya muda mfupi amegonga nguzo ya maegesho akirudi nyuma, ameparuza ubavu wa gari getini, na majuzi amemgonga mtu kwa nyuma kwenye foleni. Hakuna aliyeumia, lakini mkewe sasa anasita kupanda na watoto. Wanataka kubadilisha gari, na karibu kila aliyejibu anamwambia achukue gari kubwa la juu, ili hata akigonga, familia iwe salama.

Mimi ni fundi wa bodi na rangi. Kazi yangu ya kila siku ni kunyoosha kilichobonyea, na pia nimemsaidia kaka yangu mkubwa, naye ni baba wa watoto, kuchagua gari akiwa na tatizo linalofanana na lako. Ushauri wa gari kubwa siuungi mkono, na nitaeleza sababu.

Kabla hujafungua tangazo lolote la gari linalouzwa, lizunguke gari lako la sasa mchana kweupe, polepole, ukiinama. Mkwaruzo mrefu wa kulala, ulioanzia mlango wa nyuma ukaishia kwenye madigadi, ni wa kukata kona mapema. Magurudumu ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele, yanaingia ndani zaidi ya kona, na kadiri gari lilivyo refu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ndivyo linavyoingia zaidi. Mbonyeo kwenye kona ya bampa ya nyuma maana yake dereva haoni nyuma. Rimu zilizoparuzika zinasema haoni ukingo wa barabara. Bampa ya mbele iliyopasuka katikati na sho (ule wavu wa mbele) iliyorudi ndani ni habari tofauti kabisa: hapo macho au akili havikuwa barabarani kwa sekunde moja au mbili. Wewe una aina tatu za ajali, na kila moja ina dawa yake. Gari linaweza kutibu mbili. Ya tatu linasaidia tu.

Nianze na hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo inayoua. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukigeuka sekunde mbili kumwokotea mtoto chupa yake, umeshapita mita 28 bila kutazama. Na mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 60, nguvu inayotakiwa kumalizwa kwenye mgongano haiongezeki kwa sehemu ya tano kama watu wanavyodhani, inaongezeka kwa asilimia 44, kwa kuwa inapanda kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo gari lako jipya liwe na breki ya dharura inayojifunga yenyewe, ile yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele au rada kwenye sho, kama mfuko unaruhusu. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa magari yote mapya tangu Julai 2024, lakini yako magari ya miaka mingi nyuma yaliyotoka nayo kiwandani. Ajali ya kwenye foleni, kama ile yako ya majuzi, ndiyo hasa breki hii ilitengenezewa. Haimaanishi uendeshe ukiwa umelegea. Inakupunguzia mwendo pale ambapo mguu wako umechelewa.

Hapa lazima nikuulize kitu ambacho hakuna mdau aliyekuuliza: unalala? Mna mtoto mchanga nyumbani. Mzazi anayeamka usiku kucha anaingia barabarani akiwa na mwili uliochoka kiasi kwamba macho yako wazi lakini hayasomi. Dawa nyingine za mafua na mzio nazo zinaleta usingizi, soma karatasi yake. Na ukikuta kwamba mikwaruzo mingi iko upande mmoja, nenda ukapime macho kabla ya kwenda kuangalia magari. Presha ya macho kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni, tena bila maumivu, mtu anaona mbele vizuri asijue kwamba pembeni pameanza kufifia. Kupima ni jambo dogo ukilinganisha na kubadilisha gari, na hakuna gari litakalokufidia kwa hilo.

Sasa hizo mbili za mwanzo, nguzo na geti. Hapa gari lina mchango mkubwa sana.

Kaka yangu alikuwa anabonyeza kona ya nyuma kushoto kila mara. Naye alitaka gari kubwa la juu, akiamini akikaa juu ataona zaidi. Tulipokwenda kuliangalia nilimwambia akae kwenye kiti, arekebishe vioo anavyopenda, halafu ufunguo nikauchukua mimi. Nikaweka kopo la rangi la lita nne chini, nyuma ya bampa, nikawa nalisogeza nyuma hatua kwa hatua huku namuuliza kama analiona. Hapana. Bado. Hapana. Nilifika mbali hadi muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. Kisha binti wa kaka, wa miaka minne, akasimama pale pale karibu na bampa, na baba yake kwenye kioo cha ndani hakuona hata unywele. Tukarudia mbele ya boneti, ikawa karibu vilevile. Siku hiyo gari lile hakulitaka tena, na mimi sikuwa nimesema neno.

Fanya jaribio hilo kwa kila gari utakaloenda kuliona. Kopo, ndoo, kiti kidogo, chochote kisichozidi urefu wa mtoto wako mdogo anayetembea. Fanya nyuma, mbele, na kwenye kona zote nne. Utashangaa jinsi magari mawili yenye ukubwa unaokaribiana yanavyotofautiana. Nguzo za pembeni mwa kioo cha mbele zimenenepa sana siku hizi, kwa sababu ndizo zinazobeba paa gari likipinduka na mara nyingi ndani yake mna mfuko wa hewa (airbag), na gari lenye nguzo nene iliyolala sana linaweza kumficha mtu mzima anayevuka kwenye kona. Vioo vya nyuma navyo vimekuwa vyembamba na vinapanda juu kwa ajili ya umbo. Kwako wewe umbo hilo ni adui. Tafuta kioo cha nyuma kipana, dirisha la nyuma lisilopandishwa, na kiti kinachopanda na kushuka ili macho yako yawe juu ya usukani vizuri.

Kamera ya nyuma usiikose. Marekani imeilazimisha kwa magari mapya yote madogo tangu Mei 2018, na sababu ilikuwa hiyohiyo, watoto kukanyagwa na gari linalorudi nyuma nyumbani kwao, mara nyingi dereva akiwa mzazi au ndugu. Gari la zamani linafungwa kamera bila tabu. Lakini futa lenzi yake, tope kidogo tu linaizima. Sensa zinazolia pii-pii zinasaidia kwenye kuta, ila kitu chembamba au kifupi sana kilicho karibu zinaweza kukiruka, kwa hiyo zisichukue nafasi ya kamera wala ya kushuka ukaangalia.

Narudi kwenye hoja ya gari kubwa, maana najua itaibuka tena hapa chini. Ni kweli, uzito unawasaidia walio ndani wakigongana na gari jepesi. Lakini ajali ulizozitaja wewe si za aina hiyo. Ni za kutoona na kutofika breki kwa wakati, na gari zito na refu linazidisha matatizo: linataka nafasi kubwa zaidi ya kugeuka, linaficha zaidi kilicho karibu nalo. Halafu kuna watu wa nje. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani, ilichapisha mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti inayozidi takribani sentimita 100 kwenda juu yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa, ukilinganisha na yale yenye boneti ya kama sentimita 76 iliyoinama. Mtu anayegongagonga na ana watoto wanaocheza karibu na gari, kwa nini nimpe boneti ya namna hiyo? Na yale mabomba ya chuma ya kufunga mbele, ambayo mdau mmoja kayapendekeza, tafadhali achana nayo. Mbele ya gari imeundwa ibonyee ili mwili wako usipokee kishindo chote, na sensa za mifuko ya hewa zimepangwa kwa kufuata ubonyeaji huo. Chuma kinaharibu hesabu hiyo, na kwa mtoto aliye nje kinavunja mifupa.

Kaka alichukua stesheniwagoni ya chini yenye vioo vikubwa na buti refu. Watoto wanatosha, mizigo inatosha, na kona ya nyuma kushoto bado ina rangi niliyoipiga mimi, haijabonyea tena.

Kwa watoto watatu kuna jambo ambalo wengi wanaligundua wakishalipa. Nenda na viti vyao vyote kwenye gari, vifunge vyote kwa pamoja, kisha ufunge milango. Magari mengi yana vishikizo vya ISOFIX, vile vya kiwandani vya kufungia kiti cha mtoto, sehemu mbili tu za nyuma, pale katikati unabaki na mkanda. Viti vikibanana mno, mkubwa hatafikia kufunga mkanda wake mwenyewe, atakuita, nawe utageuka ukiwa barabarani. Tumeshaona kugeuka kunagharimu mita ngapi. Mdogo akae akitazama nyuma. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka hivyo angalau hadi miezi 15, na ukiweza kuendelea zaidi ya hapo ni bora, kwa sababu shingo yake bado haijakomaa. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Upande wa gharama za kugongwa, ambao ndio wangu. Kwa kuwa mikwaruzo midogo itaendelea kwa muda, chagua gari ambalo chini ya bampa na kuzunguka matairi lina plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, mikwaruzo haionekani na plastiki inabadilishwa peke yake. Tazama namba ya tairi: kwenye 205/55R16, hiyo 55 ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana wake. Magari yenye 40 au 45 yanapendeza, ila kila ukingo wa barabara utaugonga kwa rimu. Ulizia pia bei ya taa moja ya mbele kabla ya kununua gari, taa za kisasa za LED mara nyingi huuzwa nzimanzima, na zimekaa pale pale kwenye kona unayogonga. Na gari likiwa na kamera ya breki kwenye kioo cha mbele, kioo kikibadilishwa kamera inatakiwa ipimwe upya, fundi asiyejua hilo atakurudishia gari lenye breki inayotazama pasipofaa.

Kama unachukua lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini utazame dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake, kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, ondoka hapo. Nimefungua dashibodi ambazo balbu yake ilitolewa makusudi kwa sababu mifuko ilishapasuka kwenye ajali ya zamani na haikurudishwa. Vuta kila mkanda hadi mwisho na uuachie, ukiwa umekwama au umechanikachanika karibu na kishikizo chake cha juu, uliwahi kubeba mtu kwenye mgongano mkubwa. Taa yenye picha ya gari na alama za matairi zilizopinda nayo iwake na kuzima, hiyo ni ya mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, na mimi gari la familia lisilo nao silipendekezi kwa mtu yeyote. Chukua namba ya chesisi, zile tarakimu na herufi, mara nyingi 17, uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari liliitwa kurekebishwa. Vipulizio vya mifuko ya hewa vya Takata, kampuni ya Japani, vimeua watu kwa kurusha vipande vya chuma, vinaharibika zaidi kwenye joto na unyevu, na bado yako magari mengi barabarani ambayo havijabadilishwa. Nyota za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, angalia pamoja na mwaka wake, maana masharti yanakazwa kila baada ya muda, na nyota tano za 2009 haziko sawa na za 2020.

Mkuu, ukishapata mawili matatu unayoyafikiria, weka hapa mwaka wake na picha za kona zote nne, zipigwe karibu na zipigwe mchana. Piga na picha ya gari lako la sasa, upande ule wa geti, nikuangalizie mkwaruzo umeanzia wapi.