Maswali na Majibu ya Fundi: Stoo ya Chini Imejaa Maji

Masika haya yamewakuta wengi na vyumba vya chini wazi. Nimechagua maswali machache.

Fundi, tunakaa Raskazone, nyumba ya zamani yenye stoo ya chini. Mvua ya juzi imeijaza maji hadi kiunoni. Mume wangu amekodi pampu, anataka kuikausha leo leo. Mimi moyo unasita.

Moyo wako umekwambia kweli, mama. Kwanza asishuke mtu humo kabla ya umeme kuzimwa. Kama meni swichi yenyewe imefikiwa na maji, msiiguse, waiteni TANESCO.

Sasa pampu. Udongo wa nje umeshiba maji na unausukuma ukuta kuja ndani. Maji ya ndani nayo yanausukuma kwenda nje, kwa hiyo ukuta umesimama katikati ya wawili wanaosukumana. Maji yakifika kina cha mita moja, pale chini hukandamiza kwa nguvu ya karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Mkiyatoa ya ndani yote kwa saa tatu, wa nje anabaki peke yake, na hapo ndipo ukuta hupasuka au sakafu ikanyanyuka. Toeni theluthi, pigeni mstari wa chaki ukutani, mkalale. Asubuhi mkikuta maji yameupita mstari, nje bado kumejaa, subirini. Yakiwa palepale, toeni theluthi nyingine.

Injini ya pampu ikae uani, mpira tu ndio ushuke. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na huua mtu akiwa anadhani ni usingizi. Na vijana wakijitolea kuchota kwa ndoo, wapigieni hesabu: chumba cha mita 4 kwa 3 chenye maji ya mita moja ni lita 12,000, yaani ndoo 600 za lita 20. Watakimbia wenyewe.

Choo kinarudisha maji tangu mvua ianze. Niite gari la kunyonya? (Makorora)

Bado. Ardhi ikiwa imejaa maji, shimo tupu huweza kubomoka, na tangi la plastiki lililofukiwa huibuka kama mtumbwi. Punguzeni maji mnayomwaga, subirini ardhi inywe, kisha ndiyo muite.

Gunia la mchele limelowa chini tu. Juu ni kavu.

Tupa lote. Maji hayo yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima. Makopo ambayo hayajatoboka wala kuvimba yaokoe: toa karatasi, osha kwa sabuni, yatie kwenye maji yenye jiki. Ila jiki usiichanganye na dawa ya choo, hutoa hewa inayochoma mapafu.

Shikamoo fundi. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa. Baba anataka kupiga lipu ya saruji ili unyevu usirudi. Bibi anasema chokaa ni chokaa. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Bibi. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa, na chokaa huuacha upite. Saruji huufungia ndani. Unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inasukuma lipu, na baada ya mwaka inaanguka vipande vipande. Sisi wa Tanga tumezoea kuona saruji ikitoka Pongwe tukadhani ni dawa ya kila kitu. Mwambie baba kwa adabu, na msipake chochote kabla ukuta haujakauka. Hiyo ni miezi, si siku. Wakati huo madirisha yawe wazi mchana, maana ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili.

Watoto wanachezea maji yaliyobaki uani. Kuna ubaya?

Watoe sasa hivi. Mkojo wa panya ndani ya maji ya namna hiyo huleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Mtoto akipata homa na maumivu ya misuli, mpelekeni kituo cha afya na mseme kwamba alikanyaga maji ya mafuriko. Nanyi mnaosafisha, vaeni buti.

Jirani ameelekeza maji ya bati lake ukutani kwetu. Tumemwambia mara mbili hasikii. Twende serikali ya mtaa?

Mnaweza, lakini mvua ijayo toka na mwavuli uangalie maji yanatoka wapi hasa. Mimi nilimnunia jirani yangu masika mawili, kumbe gata langu mwenyewe lilizibwa na majani ya mwarobaini, likamwaga yote kwenye msingi wangu. Nilimpelekea mkungu wa ndizi kumwomba radhi. Aliupokea, ila mpaka leo akiniona ananiita Fundi Gata.