Wasomaji Wanauliza: Ndege wa uani, manati na ulimbo

SWALI: Naishi Rau, Moshi. Uani nina mipapai na migomba, na ndege ni wengi masika ikikaribia. Nataka kuwawekea maji na chakula niwatazame vizuri, lakini watoto wa mtaani wanawapiga kwa manati, na juzi nimekuta fito zimepakwa ulimbo kwenye uzio. Nifanyeje? – Mama Neema

JIBU: Mama Neema, anza na ulimbo, chakula baadaye. Ukiwazoesha ndege kula mahali pamoja kila asubuhi na mawe bado yanarushwa, umewakusanya wapigwe.

Ondoa fito zote uzifukie. Ukizitupa jalalani bado zitanasa. Ukikuta ndege amenata usimvute, manyoya ya bawa yatang'oka. Kata ufito pande zote mbili za miguu, mnyunyizie unga mkavu wa ngano penye ulimbo ili mabawa yasigandane, mtie kwenye boksi lenye matundu, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mafuta ya taa hapana kabisa: yanamuunguza ngozi, na akijisafisha kwa mdomo anayameza.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na ndege wa porini wamo. Kuhusu watoto, mweleze mwenyekiti wa mtaa. Wazazi wao anawafahamu. Anayetega ili auze, ripoti kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Msimu huu mnana wanasuka viota, na mzazi akiuawa makinda hufa kwa njaa. Hilo waambie watoto wenyewe, tena mkiwa chini ya kiota.

Uani pakitulia, weka maji upande usioonekana barabarani. Sahani ya udongo ya kukingia chungu cha maua inatosha: maji kina cha sentimita 2 hadi 3, na kokoto katikati za kusimamia. Iwe mita 2 hivi kutoka kichakani, paka asipate pa kuvizia. Sugua na ubadilishe maji kila asubuhi, mbu wasizaliane.

Chakula ni nusu papai au ndizi mbivu kwenye msumari. Pasa na shore watafika. Ifikapo saa 6 mchana ondoa mabaki, yanachacha na kuita panya. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hahitaji kuwekewa sukari. Usikate ua la mgomba, atakunywa humo. Kaa mita 6 hivi, kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi.

SWALI: Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya mwezi Machi huenda wapi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Wenye koo la rangi ya matofali na mkia wa panda ndefu huenda kutaga Ulaya, ambako majira ya kuchipua yanaanza. Kabla ya safari wanakula wadudu kwa wingi, kwa hiyo usipulize dawa bustanini wiki hizo. Ndege mwingine, si mbayuwayu, yule mdogo wa kijivu mwenye kofia nyeusi, naye huelekea Ulaya, na huko kisiwani Kupro wapo wanaomtega kwa ulimbo uleule, ingawa ni marufuku.