Swali la msomaji: Serikali ya Shamte ilidumu muda gani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri, mie msomaji wa Wete, babu alikuwa akisema Shamte alikuwa Waziri Mkuu na chama chake kidogo, ilikuwaje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Babu kasema kweli. Uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) walipata viti 13, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 12, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 6, sasa hapo hakuna alofika nusu ya viti 31, ndo ZNP na ZPPP wakaungana wakawa na 18, na Mohammed Shamte wa ZPPP akaongoza serikali kama Waziri Mkuu, Ali Muhsin wa ZNP akashika mambo ya nje. ZPPP yenyewe ilimeguka kutoka ASP mwaka 1959 na nguvu yake ilikuwa huko kwenu Pemba.

Tatizo kubwa, na hili linaniuma mpaka leo, ASP walipata zaidi ya nusu ya kura zote nchini lakini mgawanyo wa viti kwa majimbo ukawanyima serikali, watu wengi wakaona wamedhulumiwa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, mapinduzi yaloiangusha serikali hiyo yakaja 12 Januari 1964. Yaani baada ya uhuru serikali ya Shamte ilidumu mwezi na siku mbili tu, basi.