Wazo la kubuku mashua: umpe bosi au ufungue lako?

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza wazo lako la wageni kubuku mashua kwa simu umpelekee bosi wako wa hoteli ama uanze mwenyewe. Mi naona apu iache kwanza, chukua manahodha watatu na grupu ya WhatsApp, wageni walipe diposti uone kama pesa inatoka kweli. Hata M-Pesa ilijaribiwa kwa kulipia mikopo midogo, watu wakawa wanatumiana pesa tu, ndo Safaricom ikaizindua hivyo 2007. Kwa bosi nenda na hesabu mkononi, ila soma kontrakti, isije ikawa wazo la kazini ni lao. Na usijaribu Juni upepo wa kusi ukivuma, wageni wachache, utapata majibu ya uongo, mi yalinikuta hayo na baiskeli za kukodisha.