Ukikuta duka la kalamu za wino safarini, ingia

Wiki hii dada mmoja kanitumia ujumbe: anasafiri na mume na watoto, kuna duka la kalamu analitamani, ila anaogopa kuonekana anapotezea watu muda. Dada yangu, kaa tuongee.

Mwaka jana tulimpeleka mama Chennai kutibiwa macho. Ya hospitali nayaruka. Aliyewahi kupeleka mgonjwa India anazijua zile foleni na mafaili. Siku tuliyopewa mapumziko, kaka akataka twende George Town kutafuta vitambaa. Kwenye barabara ya N.S.C. Bose, karibu na Mahakama Kuu, bajaji zinapigiana honi, nikaona kibao cha Gem & Company. Sisi wapenzi wa kalamu jina hilo tunalijua. Wapo tangu miaka ya 1920, na wana kalamu zao wenyewe, Gama, zinazochongwa kwa eboniti, aina ya mpira mgumu.

"Peni?" kaka akasema. "Tumepanda ndege mpaka huku, wewe ukanunue peni?" Akamgeukia mama ili wacheke wote. Neno lile linaniuma hadi leo, sitaki kuwadanganya. Na huyo ndiye aliyetugandisha uwanja wa ndege akijaribu saa za mkononi, hakuna aliyemsema.

Nikaingia. Mama akanifuata, eti anatafuta feni.

Muuzaji, mzee mmoja, akanitolea kalamu nyeusi, nene. Eboniti ni mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu. Haina ule ubaridi wa chuma, inashika joto la kiganja. Ndani hamna katriji, kile kichupa cha wino cha kuchomeka, wala pampu. Unaifungua, unadondoshea wino kwa dropa, mwili mzima wa kalamu ndio tangi. Akachovya nibu, ile ncha ya kuandikia, akanisogezea karatasi yake laini. Nikaikataa kwa adabu, nikatoa kaunta buku langu kwenye mkoba. Karatasi ya dukani inapendelea kalamu yao. Wewe utaandikia nyumbani kwako. Nibu ya kwanza ikakwaruza. Ya pili ikamwaga wino mpaka matumbo ya "e" yakaziba. Mzee akachukua nyingine, akaikagua kwa lenzi, akaisugua kidogo, akanirudishia. Ikateleza.

"Hebu lete," mama akasema. Akaandika jina la marehemu baba, herufi zimelala upande mmoja, zimeshikana, mwandiko wa shule za zamani. Kwa macho yale yale tuliyokuja kuyatibu! Kaka, pale mlangoni, kimya.

Kwa hiyo dada, beba karatasi yako. Usiandike sahihi tu, andika sentensi nzima, tena ndefu, maana sahihi unaiandika haraka na kasoro za nibu huzioni. Usikandamize kama unavyofanya na Bic. Kwenye ndege, shinikizo la hewa likishuka, hewa iliyobaki ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje, kwa hiyo ijaze pomoni au itoe wino wote, na nibu itazame juu. Hizi za kudondoshea huvuja hata kwa joto la mkono zikibaki na wino kidogo. Chupa ya wino ya mkoba wa mkononi isizidi mililita 100. Na karatasi, nimeshasema, beba yako.

Halafu tuache hii tabia ya kuomba msamaha kwa kupenda vitu vyetu. Paspoti za wote unabeba wewe, dawa za mama wewe, kujua nani hajala ni wewe. Nusu saa yako mwenyewe inakuwa dhambi? Usiombe ruhusa. Waambie "naingia hapa," kisha ingia. Anayetaka kuja aje, na anayecheka abaki nje alinde mizigo.