Kapasita ya mikrofaradi 22 haikupi 22 ikishakaa kwenye bodi

Bodi yangu ya kupima maji ya tangi ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka ESP32, chipu inayoiendesha, iwashe Wi-Fi. Hapo inazima, inaanza upya. Nilibadilisha chaja, nikabadilisha regyuleta inayosawazisha volti, nikaipekua programu mstari kwa mstari. Siku tatu zikaisha. Tatizo lilikuwa kapasita, kile kijisehemu kinachotunza akiba ya chaji: ya seramiki, saizi 0402, milimita 1.0 kwa 0.5, ndogo kama punje ya ulezi.

Mkanda iliyokuja nao uliandikwa mikrofaradi 22, kikomo cha volti 6.3, aina ya X5R. Njia ya umeme ni volti 3.3, nikaona imebaki nafasi ya kutosha. Niliing'oa kwa hewa moto nikaipima, mita ikasoma 20 na kitu. Nikairudisha. Na kweli ilikuwa nzima, ila mita huipima bila zile volti 3.3, na kwenye bodi volti hizo ziko juu yake muda wote.

Seramiki za X5R na X7R hutengenezwa kwa bariamu titaneti, na uwezo wake wa kutunza chaji hushuka kadiri volti inavyopanda. Kasha likiwa dogo, tabaka za ndani huwa nyembamba, kwa hiyo volti ileile huziumiza zaidi. Herufi X5R zinazungumzia joto tu: kati ya nyuzi -55 na 85, thamani isiyumbe zaidi ya asilimia 15. Kuhusu volti hazisemi neno. Nilipofungua grafu ya mtengenezaji, kwenye volti 3.3 yangu ilibakiwa na chini ya nusu. ESP32 ikirusha mawimbi huvuta ghafla hadi miliampia 240 hivi, na akiba ile haikutosha.

Niliweka mbili za saizi kubwa zaidi, 0805, za volti 16, zikigusana kabisa na mguu wa umeme wa moduli. Haijazima tena.

Kwa hiyo kabla hujaagiza, tafuta grafu ya thamani dhidi ya volti ya kapasita hiyohiyo unayonunua, si ya jamaa yake. Ukiikosa grafu, mimi ningechagua nyingine. Zile za mikrofaradi 0.1 za kando ya chipu ziache kwenye 0402. Kwa volti 3.3, ya volti 16 haina shida.

Angalia pia namba ya saizi: 0402 ya inchi si 0402 ya milimita, hiyo ya pili ni milimita 0.4 kwa 0.2 na mkono hauiwezi. KiCad, programu ya kuchora bodi, huandika zote mbili kwenye jina la alama ya mahali kapasita inapokaa (footprint), zisome.

Na ukihamia 0805, isikae karibu na ukingo unaovunjwa wakati wa kutenganisha bodi. Ikibidi, ilaze sambamba na ukingo huo. Bodi ikipinda seramiki hupata ufa wa ndani usioonekana kwa macho, na ufa huo unaweza kuleta shoti wiki kadhaa baadaye, bodi ikiwa tayari juu ya tangi.